Kipimo cha Chuma

Jumamosi, 2 Machi
Chuma: 0. Matone: matatu.

Daftari hili nimelinunua kwa amri ya Chumvi. Huyo ni muuza vifaa vya samaki, na jina tumempa sisi wateja wake kwa sababu hakuna kitu anachokiuza kwa moyo mmoja kama chumvi ya kutengenezea maji ya bahari. Nilikwenda kumlalamikia kwamba mwani wangu umepauka. Akaniuliza chuma kwenye maji ni kiasi gani. Nikamwambia sijui.

"Dada, meno ya watu unayapima mpaka unene wa unywele, halafu maji yako unayakisia?"

Kanikamata. Mimi ni fundi wa meno bandia, na kukisia ndicho kitu ninachowagombeza wenzangu kila siku.

Basi, kwa kumbukumbu. Tangi ni la lita mia tatu, liko sebuleni, lina maji ya chumvi, matumbawe ya aina saba, samaki wanne na kamba mmoja mwoga. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi dogo lenye mwani na taa yake. Maji machafu yanaingia kwenye kisanduku kilicho pembeni juu, yanashuka kwa bomba, yanapita kwenye soksi ya kuchuja, mwani unakula uchafu, kisha pampu inayarudisha juu yakiwa safi. Mwani usipokula, matumbawe yanaugua. Na mwani hauli bila chuma kidogo. Kidogo kweli: 0.1 kwenye kadi ya rangi. Kikipungua mwani unapauka, kikizidi kinakaribisha utelezi kila mahali.

Kichupa cha chuma kimefunguliwa leo. Nitapima kila siku saa kumi na mbili jioni.

Jumapili, 3 Machi
Chuma: 0.05. Matone: matatu. Mvua imeanza.

Alhamisi, 7 Machi
Chuma: 0.1. Matone: mawili.

Mama amefika. Mdogo wangu wa kiume amemleta, akamshusha yeye, mfuko wa nguo na cherehani ambayo hakuna aliyemwambia aibebe. Ameshona nguo za watu kwa miaka arobaini na anasema hawezi kulala nyumba isiyo na sindano.

Nyonga yake ya kushoto imekwisha. Daktari anayebadilisha nyonga huja hospitali ya hapa mara mbili tu kwa mwaka, na Mama amepangiwa tarehe 28 Mei kwa sharti moja: damu ipande. Leo ni 8.1. Chini ya 10 daktari hamgusi, nafasi anapewa mwingine, na yeye atasubiri mpaka mwisho wa mwaka. Nimemwona Mama akitoka mlangoni hadi kwenye kiti, ameshika ukuta, jasho linamtoka. Mwisho wa mwaka atakuwa hatoki kitandani. Amepewa vidonge vya chuma, vyekundu, kimoja kila siku saa kumi na moja jioni, tumbo likiwa tupu.

Jioni alinitazama nikifanya kazi yangu.

"Unawawekea nini hicho?"

"Chuma, Mama."

"Samaki wanakula chuma?"

"Mwani. Umepungukiwa."

"Kama mimi."

"Kama wewe."

"Ni chuma hiki hiki changu?"

Nilikuwa nahesabu matone. "Chuma ni chuma, Mama," nikamjibu, nikaendelea kuhesabu.

Ijumaa, 8 Machi
Chuma: 0.1. Tone: moja.

Mama amempa samaki wa njano jina la Karani, kwa kuwa anazunguka kutwa nzima na kazi yake haionekani. Kiti chake amekisogeza karibu kabisa na tangi, upande wa kisanduku. Anasema linashinda televisheni, hakuna anayebishana.

Jumanne, 12 Machi
Chuma: 0.1. Tone: moja. Mvua. Mama amesema amekunywa dawa.

Jumamosi, 16 Machi
Chuma: 0.1. Tone: moja.

Soksi ya kuchuja ilikuwa imechanika. Mama akaichukua, akaigeuzageuza, akasema aliyeishona alikuwa na safari. Amenishonea mbili mpya kwa mkono, mshono mara mbili, na nimemvulia kofia. Amesema pia atazifua yeye kila Jumamosi. Mimi niitoe tu kabatini na kuitia kwenye beseni, ataifua akiwa ameketi.

"Nisikae hapa kama gunia," amesema.

Nikamwambia yeye si gunia. Lakini kazi nilimpa haraka, maana soksi ile inanuka.

Alhamisi, 21 Machi
Chuma: 0.2. Sijaweka tone. Ajabu.

Jumamosi, 23 Machi
Chuma: 0.3. Sijaweka tone.

Nimerudia kipimo mara tatu, nikabadilisha tyubu ya kupimia, nikasogea dirishani kwenye mwanga. Rangi ni ile ile. Mwani chini umekuwa kijani kibichi kama umepakwa rangi. Soksi ina rangi ya kutu. Mama ameifua mpaka imerudi nyeupe.

Jumanne, 26 Machi
Chuma: 0.3. Maji yana ukungu kama ya kuoshea mchele. Mvua siku ya nne mfululizo. Kazini nimerudiwa na meno ya mwalimu mmoja anayesema yanampigia filimbi akitamka herufi s. Nimeyapima upya. Yanapiga kweli.

Jumamosi, 30 Machi
Chuma: 0.4. Sijaweka tone kwa siku kumi.

Kioo kimejaa utelezi wa kahawia. Matumbawe mawili yamejifunga na hayafunguki. Nimeifungua pampu yote, sumaku yake haina hata doa la kutu. Nimekagua skrubu za kabati, mshikizo wa taa, kila kitu kinachoweza kushika kutu. Hakuna. Basi nikamwendea Chumvi na mfuko wake wa chumvi mkononi.

"Chumvi yako ina chuma."

"Dada, chumvi hii wanatumia watu arobaini."

"Basi sisi arobaini tumepata hasara."

"Umebadilisha nini nyumbani?"

"Sijabadilisha kitu."

"Nani ameongezeka?"

"Mama yangu. Na yeye hata kuinama hawezi."

Chumvi akanitazama kwa namna iliyoniudhi. Nikaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 4 Aprili
Chuma: 0.4.

Tumekwenda kupima damu ya Mama. Wiki nne za vidonge, na damu imeshuka: 8.0. Muuguzi akaangalia karatasi, akamwangalia Mama, akaniangalia mimi.

"Dawa anakunywa?"

"Kila siku," Mama akajibu. "Hesabuni vilivyobaki."

Kopo lilikuwa mkobani. Muuguzi alihesabu, vimepungua sawasawa na siku.

"Chai je, mama?"

Mama akatabasamu kama mtu aliyetajiwa rafiki yake. Vikombe vitano, alisema, sita mvua ikinyesha. Muuguzi akatueleza kwamba chai inakifunga chuma tumboni kisiingie kwenye damu, kwa hiyo inywewe mbali na dawa, na ipunguzwe. Alisema ipunguzwe. Mimi nilipofika nyumbani niliifuta kabisa. Majani ya chai nimeyafungia kwenye kabati la nguo zangu na ufunguo nimeuvaa shingoni.

"Mwanangu, hata kikombe cha asubuhi?"

"Mama, una wiki nane. Unataka kutembea au unataka chai?"

Nilijiona mtu mwenye msimamo.

Ijumaa, 5 Aprili
Chuma: 0.4. Mama hasemi.

Jumamosi, 6 Aprili
Chuma: 0.5. Soksi ya kutu tena. Mama hasemi.

Jumanne, 9 Aprili
Chuma: 0.5.

Nimerudi nikamkuta ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nikakinusa mbele yake. Yalikuwa maji ya moto matupu. Akaniambia, bila hasira, "Unataka kuyapima na hayo?" Niliingia jikoni nikajifanya natafuta mwiko.

Jumamosi, 13 Aprili
Chuma: 0.5 asubuhi. Nimebadilisha lita mia za maji. Jioni: 0.3.

Tumbawe moja limekufa, lile la zambarau nililolilea miaka mitano tangu likiwa kipande cha ukubwa wa gego. Nimelitoa kwa koleo. Nililia kidogo, sioni sababu ya kuficha kwenye daftari langu mwenyewe. Mama alikuwa kitini pake. Akasema, "Pole, mwanangu," kisha akasema tena, "Pole sana," kwa sauti ya mtu aliyevunja kitu. Nilidhani ni huruma tu.

Jumatatu, 15 Aprili
Chuma: 0.4. Kimerudi. Chumvi amepiga simu kuuliza hali, mimi nilidhani hatusemeshani. Anasema chochote kinachoingia kwenye maji lazima kipite kwenye soksi. "Usiitazame Jumamosi tu. Itazame siku yoyote, bila miadi."

Jumatano, 17 Aprili
Chuma: sina haja ya kupima.

Umeme ulikatika kazini, tukafunga mapema. Nilifika nyumbani saa kumi na moja na robo, nimelowa, nikapiga magoti kabatini hata viatu sijavua.

"Leo si Jumamosi," Mama alisema.

"Najua."

"Iache tu. Nitaifua Jumamosi."

Nikaitoa soksi, nikaigeuza juu ya beseni. Chini kulikuwa na tope la rangi ya kutu, na juu ya tope kidonge chekundu. Upande mmoja umeshayeyuka, upande wa pili bado unang'aa.

Daftari hili ni la vipimo, na kipimo cha uongo hakina faida, kwa hiyo naandika ukweli: kitu cha kwanza nilichokiwaza ni tumbawe langu. Si damu ya Mama. Tumbawe. Nimeona aibu baadaye, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Umetia vingapi?"

"Vyote. Cha kwanza nilimeza, kikanikaa hapa kooni siku nzima. Vilivyofuata nimevitia kwenye hicho kisanduku."

"Kwa nini humo, Mama? Kwa nini usitupe hata dirishani?"

"Chini ya dirisha kuna njia ya watu. Na wewe mwenyewe ulisema chuma ni chuma, na mwani wako umepungukiwa. Nikaona visipotee bure." Akatazama pale tumbawe lilipokuwa. "Sikujua kwamba vinaua. Ulipolia Jumamosi nilitaka kusema. Jumapili sikutia. Jumatatu nikarudia, maana ningekuwa nacho mkononi ningekipeleka wapi?"

Nikaketi sakafuni na beseni langu. Nikamwuliza kama anajua kwamba zimebaki wiki sita. Anajua. Kama anajua kwamba bila damu hakuna nyonga mpya. Anajua.

"Ndiyo maana," alisema.

Halafu akashika sikio. Mama ana hereni ndogo za dhahabu asizovua, na nimeziona maisha yangu yote bila kuuliza.

"Hizi ni za dada yangu. Aliingia chumba cha kupasuliwa kwa miguu yake, anacheka, akanivulia akaniambia nishikie. Nimeshika mpaka leo." Akaliachia sikio. "Nikajiambia, damu ikikataa kupanda, daktari mwenyewe atasema haiwezekani. Wewe utasikitika, mdogo wako atasikitika, na hakuna atakayesema Mama ameogopa. Lawama itabaki kwa damu."

"Ungeniambia, Mama."

"Lini? Ukifika tu unaingia kwenye maji."

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli na kwa sababu alilisema kama anavyotaja saa. Siku arobaini na moja amekaa hatua mbili kutoka ninapopimia. Nimejua chuma cha mwani mpaka nukta ya pili, na sikuwahi kumwuliza mara moja usingizi wake ukoje.

Tulikaa hivyo mpaka mvua ikakatika. Mwishowe yeye ndiye aliyesema.

"Na chai umeninyima kwa kosa ambalo sikulitenda."

"Ulitenda jingine kubwa zaidi."

"Hilo nalo nimelitenda," akakubali.

Nikauvua ufunguo shingoni. Tumenywa vikombe viwili viwili. Tumekubaliana hivi: vidonge atameza, mbele yangu, na mimi nitakuwa nyumbani saa kumi na moja. Damu ikifika 10, ataamua mwenyewe kwenda au kutokwenda, na mimi sitamsukuma. Nimeahidi. Imenitoka kwa shida.

Alhamisi, 18 Aprili
Chuma: 0.3.

Nimemwomba daktari wa meno wa kazini ruhusa ya kutoka nusu saa mapema kila siku. Akaniuliza kuna nini. Nikasema kuna dawa ya saa kumi na moja. Akadhani ni yangu, akaniambia nipunguze na kazi pia.

Mama amemeza. Amekunja uso kama mtoto, akatoa ulimi kunionyesha hakuna kitu. Tumecheka.

Ijumaa, 19 Aprili
Chuma: 0.2. Mama amemeza. Amelala kwa saa sita, anasema, akaamka na kichefuchefu.

Jumamosi, 20 Aprili
Chuma: 0.2. Mama amemeza.

Nimekwenda kumwomba Chumvi radhi. Nilipomweleza, alijikaza sana, kisha akageuka akaanza kupanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangika. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Mwambie bibi," alisema alipopata pumzi, "mafundi wengine wanafanya hivyo hivyo kwa mwani. Ila wanaanza na robo kidonge."

Mama alipoambiwa alijinyoosha kitini. "Kumbe nilikosea kipimo tu."

Alhamisi, 25 Aprili
Chuma: 0.1. Mama amemeza. Mdogo wangu amepiga simu, anataka kujua kwa nini damu ilishuka. Nikamwambia amwulize Mama. Wamezungumza muda mrefu mlango ukiwa umefungwa.

Alhamisi, 2 Mei
Chuma: 0.1. Tone: moja. Mama: 8.8.

Sasa tunafanya pamoja. Kipimo nimekisogeza mbele: saa kumi na moja yeye anameza, mimi napima na kutia tone. Anahesabu kwa sauti, "Moja," kana kwamba ni mia.

Jumatano, 8 Mei
Chuma: 0.1. Mama amemeza. Mvua kidogo. Karani amemfukuza kamba.

Alhamisi, 16 Mei
Chuma: 0.1. Mama: 9.6.

Muuguzi amefurahi. Mama hakufurahi, na safari hii nimeona. Njiani nikamwuliza anaogopa nini hasa. Akasema haogopi kufa, anaogopa kulala bila kujua analala. Hilo sikulijua. Nililoweza kumwambia ni kwamba nitakuwa mlangoni. Akasema mlango si kitu. Kisha, tulipofika nyumbani, akaniuliza mlango wenyewe uko umbali gani kutoka kitandani.

Jumatatu, 27 Mei
Chuma: 0.1. Mama: 10.2.

Imefika. Muuguzi akazungushia namba kwa kalamu nyekundu. Mama akaikunja karatasi mara nne akaitia mkobani.

Kutwa nzima hakusema kitu. Mimi pia nimefunga mdomo. Nimesafisha kioo ambacho hakikuwa kichafu, nimepanga vichupa kwa urefu, nimeuma ulimi mara mbili. Mdogo wangu amepiga simu mara tatu kuuliza kama ameamua. Nimemwambia sijui, na kwamba yeye pia asiulize. Saa kumi na moja Mama amemeza, akasema, "Moja," akaenda kulala na mwanga bado upo.

Jumanne, 28 Mei
Nimeamka nikamkuta ameketi karibu na tangi, ameoga, mkoba mapajani.

"Nimemuaga Karani," alisema. "Kama ni kwenda, twende kabla sijabadili mawazo."

Naandika nikiwa kwenye korido ya hospitali, benchi la mbao, mlango wenye kioo duara. Kutoka benchi hadi mlangoni ni hatua sita. Nimezipima.

Kabla hawajamwingiza, muuguzi alisema vitu vya chuma na dhahabu vyote vivuliwe. Nikaona mkono unapanda sikioni na kushuka, ukapanda tena. Mwishowe akazivua hereni mwenyewe, moja, ya pili, akaniwekea kiganjani akakifunga kwa mikono yake yote miwili.

"Sikupi," alisema. "Unanishikia kwa saa tatu tu."

"Saa tatu tu, Mama."

"Ukizivaa nitajua."

Wakamsukuma. Hakucheka alipoingia. Nadhani alihakikisha hacheki.

Saa tatu zimepita. Saa tatu na robo. Nimezikaza hereni mpaka zimeacha alama kiganjani. Saa tatu na nusu nimeomba Mungu kwa maneno ambayo sikujua kwamba bado ninayakumbuka. Saa nne kasoro dakika kumi muuguzi ametoka akaniita mimi, si mwingine, na nimesimama.

"Ameamka. Anasema una mali yake."

Jumatano, 29 Mei
Mvua hakuna. Nimelala kwenye kiti chake cha hospitali.

Jumamosi, 8 Juni
Tumerudi nyumbani. Chumvi alikuwa na ufunguo wetu, amewalisha samaki siku zote na ameacha kikaratasi: "Wako hai wote. Maji sijapima, niliogopa kukosea."

Mama ameingia na fremu ya kutembelea, hereni masikioni. Nilitaka kumshika kiwiko, akaniambia nikae mbali, ninamfanya ajisikie anaanguka. Nikasimama kando ya tangi, nikaweka mikono nyuma. Akatoka mlangoni. Hakugusa ukuta. Alipofika akaegemeza paji la uso kwenye kioo akamwambia Karani, "Umenenepa."

Kisha akageuka kuniuliza kama saa kumi na moja haijapita, mbona sijatoa tyubu zangu. Nimemwambia nilikuwa nahesabu kitu kingine.

Chuma: sijapima.
Mama: hatua kumi na moja.